"Atakua, ataacha": tunangoja mpaka lini kabla ya kumtafutia mtoto msaada?

#1 MamaSubira
Wakuu habari. Naomba mnisome mpaka mwisho, nimechoka kweli kweli.

Mwanangu ana miaka sita. Kila siku ya shule tunakwama kwenye soksi. Namvalisha, anasema kuna kitu kinamchoma vidoleni. Naivua, naikung'uta, hakuna kitu. Namvalisha tena. Safari ya tatu anajitupa chini, anapiga mlango kwa visigino, na akishaanza hasikii la mtu. Nusu saa inakatika, siku nyingine zaidi. Akishatulia ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umenikasirikia?" Hapo ndipo moyo unanikatika.

Shuleni nimeitwa mara nne muhula huu. Amemng'ata mwenzake, amepindua meza, siku moja alijificha chini ya dawati akakataa kutoka hadi nilipofika. Hali hii ilianza akiwa na miaka minne, sasa inaenda mwaka wa pili.

Mama mkwe anasema baba yake naye alikuwa hivi hivi na leo ni mtu mzima na heshima zake, basi atakua, ataacha. Dada yangu anasema nimpeleke kwa mtaalamu leo kabla ya kesho. Mimi niko katikati. Utundu unaishia wapi, tatizo linaanzia wapi? Kuna aliyengoja akashukuru alingoja? Kuna aliyengoja akajuta?

#2 KitiChaNyuma
Pole sana dada. Naweka kambi hapa. Wa kwangu ana miaka mitano na ukimweka na wako utadhani pacha.

#3 BabaWawili
Mleta mada usichukie, nakwambia kama kaka. Huyo mtoto amekujua. Anajua akilia nusu saa unamwuliza "umeumia wapi baba", unambembeleza. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulikula fimbo, hakuna aliyesema soksi inamchoma. Mwezi mmoja wa msimamo na fimbo kidogo, utaleta mrejesho hapa.

#4 NesiWaZamu
Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi.

Dada, kila mtoto analia, anapiga, ananuna. Kati ya mwaka mmoja na minne hasira za kujitupa chini ni sehemu ya kukua. Tunachotazama ni mambo matatu. Imedumu muda gani? Inatokea sehemu moja au kila mahali? Na inamzuia nini: kujifunza, kulala, kula, kuwa na marafiki? Wako ni mwaka wa pili, nyumbani na shuleni, na anatolewa darasani. Mimi singengoja.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Kwenda kuuliza mapema hakumaanishi mtoto anaumwa. Unaweza kuambiwa hana shida, ukarudi nyumbani ukalala usingizi.

BabaWawili, nakuheshimu, ila kwenye fimbo tutapishana. Nitarudi nikitoka zamu.

#5 MwalimuWaAwali
Nimefundisha madarasa ya chini miaka 19. Nesi kasema vizuri, naongeza kitu ambacho wazazi wengi hukikosa.

Mtoto anayepindua meza, kila mtu anamwona. Anayenipotea ni yule aliyekaa kimya. Nilikuwa na binti mmoja ambaye muhula mzima hakutoa sauti darasani, hata ya kuomba kwenda chooni. Tulimwita mtoto mtaratibu, tukamsifu. Mama yake alipokuja akashangaa: "Huyu? Nyumbani anaongea mpaka tunamwomba apumzike." Ile si aibu ya kawaida. Ni hofu inayofunga koo mahali fulani tu, na ikikaa miaka inazidi kuwa ngumu kuifungua.

Mtaalamu alitufundisha kumrudisha polepole. Wiki ya kwanza alicheza na mama yake darasani baada ya wenzake kuondoka, mlango umefungwa, mimi niko nje. Akaanza kuongea na mama. Kisha mlango ukaachwa wazi kidogo. Kisha mimi nikawa nasahihisha madaftari mbali, simtazami. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, kalamu yako imeanguka." Niliinama kuiokota nikakaa chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, machozi yanitoke huko huko.

Kwa hiyo swali la "mtundu au mgonjwa" halitoshi. Wapo wasio watundu kabisa, nao wanaumia.

#6 FundiUmeme
Mimi nilingoja, nikajuta, lakini si kwa sababu mnayodhani.

Kijana wangu alikuwa haitiki, hatulii, anapayuka, akipewa maelekezo anafanya lingine. Nilimwadhibu kwa ukaidi karibu mwaka mzima. Kumbe masikio. Maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Hayamuumi, hayatoi usaha, huwezi kujua kwa kumtazama. Na yanapanda na kushuka: leo anasikia vizuri, kesho kama amezibwa kwa pamba. Ndiyo maana nilisema "akitaka anasikia".

Kabla ya kumwita mtoto mkaidi, apimwe masikio na macho. Nilimwomba radhi mwanangu. Alikuwa na miaka saba, akaniambia "sawa baba" akaendelea na gari lake la waya. Mimi bado sijasahau.

#7 KitiChaNyuma
Fundi umenipiga mahali pabaya. Wangu naye naambiwa "akitaka anasikia". Kesho nampeleka.

#8 Mtazamaji_77
Wadau, haya ni magonjwa ya kisasa. Hiyo ADHD, wanayoiita ya watoto wasiotulia wala kushika jambo moja, imebuniwa juzi tu ili dawa ziuzike. Chanzo halisi ni viwili: simu na sukari. Mnyime vyote wiki mbili uone. Watoto wa zamani hawakuwa na haya.

#9 MsomajiWaUsiku
Mkuu #8, "juzi" yako ni ndefu. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara London akieleza watoto wasioweza kutulia wala kujizuia, ingawa akili zao zilikuwa nzima. Kabla yake, mwaka 1798, daktari wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu ambao tangu utotoni hawawezi kushika jambo moja akilini. Jina ndilo geni, watoto hao walikuwepo. Waliitwa majina mengine, mengi ya kuumiza.

Sukari nayo ilipimwa. Mwaka 1994 watafiti Hoover na Milich waliwaambia akina mama kadhaa kwamba watoto wao wamepewa kinywaji cha sukari nyingi, wakati hakikuwa na sukari hata chembe. Wale akina mama waliwaona watoto wao wamechangamka kupita kiasi, wakawa wakali zaidi kwao. Mwaka uliofuata wenzao wakakusanya majaribio yaliyokuwepo, hawakuona sukari ikibadilisha tabia. Mnyime mtoto sukari kwa ajili ya meno yake, hapo nakuunga mkono.

Simu sisemi. Ikimla usingizi, tabia itaharibika, hilo halihitaji mtafiti.

#10 Mtazamaji_77
Nimekubali la mwaka 1902. La sukari nitalifikiria, maana nimeona kwa macho yangu.

#11 ShangaziMkubwa
Na wale mama nao waliona kwa macho yao, mwanangu 😊

#12 NesiWaZamu
Nimerudi. BabaWawili, mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000 kuhusu kuchapwa makofi tu, siyo mateso. Walikuta kuchapwa kunaambatana na ukali zaidi, wasiwasi zaidi na uhusiano mbaya zaidi na mzazi. Hawakukuta kunamfanya mtoto awe msikivu zaidi.

#13 BabaWawili
Nesi, swali la haki. Utajuaje kama fimbo ndiyo ilimfanya mkali, au mkali ndiye aliyechapwa zaidi? Mtoto mpole nani atamchapa?

#14 MsomajiWaUsiku
Swali zuri, na watafiti wenyewe wanabishana juu yake. Baadhi ya tafiti ziliwafuata watoto miaka kadhaa, zikazingatia mtoto alikuwaje mwanzoni, bado aliyechapwa alizidi kuwa mkali baadaye. Ila huwezi kugawa watoto kwa kura, hawa wachapwe, hawa wasichapwe. Kwa hiyo mjadala hauishi.

Lakini kaka, sehemu ya ulichosema #3 inafanana sana na alichoandika mwanasaikolojia Gerald Patterson kule Oregon, Marekani. Aliingia majumbani kwa watu akakaa anatazama. Mama anasema zima televisheni. Mtoto anapiga kelele. Mama anapandisha sauti, mtoto anapandisha zaidi, mama anachoka, anaacha. Mtoto amejifunza kwamba kelele inafanya kazi. Mama naye amejifunza kwamba akikubali, utulivu unarudi. Wote wawili wamelipwa, kesho wataanzia pale pale walipoishia jana. Na siku mama akishinda kwa kofi, mtoto anajifunza kwamba mwenye kelele kubwa ndiye mshindi.

Suluhisho lao halikuwa fimbo. Walimfundisha mzazi: amri chache, fupi, unazozisimamia kwa sauti ya chini. Na ukimwona anafanya vizuri, umwambie palepale kwa jina la jambo lenyewe: "umeweka viatu mahali pake, asante."

#15 BabaWawili
Msimamo basi. Ndicho nilichosema tangu mwanzo 😀

#16 ShangaziMkubwa
Ulisema msimamo NA fimbo. Tunashukuru umebaki na kimoja.

#17 MamaSubira
Nawashukuru nyote, nimesoma kila bandiko mara mbili. Yapo niliyoyasahau. Analala mdomo wazi na anakoroma kama mtu mzima. Asubuhi anaamka amechoka. Halafu baba yake alihamia nchi nyingine kikazi mtoto akiwa na miaka mitatu na nusu, tunaongea naye kwa simu. Lebo za nguo pia anataka zikatwe zote. Na kelele za blenda anaziba masikio.

#18 FundiUmeme
Kukoroma! Dada, hizo ni nyama za pua au tonsesi. Mtoto anayekosa hewa usiku hasinzii mchana kama sisi, yeye anachachamaa. Zikikatwa, tabia inaisha. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

#19 NesiWaZamu
Fundi, "inaisha" ni neno kubwa. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa na shida hiyo ya kupumua usingizini. Nusu walikatwa mapema, nusu walisubiriwa chini ya uangalizi. Waliokatwa walilala vizuri zaidi, na wazazi waliona nafuu ya tabia. Lakini vipimo vya umakini havikuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo aende apimwe, ndiyo, ila asiahidiwe mtoto mpya.

Na MwalimuWaAwali, mtoto anayezubaa sekunde chache, macho yametulia, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mara nyingi kwa siku, mwambie mzazi. Kipo kifafa cha namna hiyo, hakina kuanguka wala kutoa povu, na kinatibika.

#20 Mkaa_Pwekee
Mimi naona jibu liko wazi, baba ameondoka. Mtoto analia baba, soksi ni kisingizio. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alisema hayo tangu 1951 kwenye ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani: mtoto akitenganishwa na mlezi wake anaumia maisha.

#21 MsomajiWaUsiku
Bowlby aliandika hasa juu ya mama. Baadaye Michael Rutter alipitia upya ushahidi, mwaka 1972, akaonyesha kwamba ugomvi ndani ya nyumba unahusiana na ukorofi wa mtoto kuliko kutengana kwenyewe. Mtu akisafiri kwa amani si sawa na mtu akiondoka kwa vita.

Na Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby, alianzia Uganda miaka ya 1954 na 1955, akizitembelea familia 26. Alichokiona ni kwamba mtoto anahitaji mtu wa kurudia, anayemsoma na kumjibu. MamaSubira, mtoto anayemaliza hasira kisha anauliza "umenikasirikia?" bado anakurudia wewe. Hilo si dogo.

#22 MamaSubira
Hakukuwa na vita. Lakini siku anaondoka mtoto alikuwa amelala, hatukumwamsha. Tulidhani tunamhurumia.

#23 Mkaa_Pwekee
Pole mama. Hukufanya kwa ubaya.

#24 ShangaziMkubwa
Naomba hapa tusimtwike huyu mama. Mimi nina mtoto mwenye usonji (autism), sasa ni kijana. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wakubwa walisema usonji unaletwa na mama wenye mioyo ya baridi. Mama wangapi walilala na lawama hiyo! Aliyesimama kupinga mwaka 1964 ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa na mtoto wa hali hiyo. Wakati mimi nahangaika, nilikuta watu bado wananong'ona vile vile.

Soksi, lebo, blenda: wangu alikuwa hivyo hivyo. Simwambii mtu kwamba ni usonji, wapo watoto wengi ngozi na masikio yao yanahisi kupita kiasi na hawana usonji. Lakini kile kinachomchoma ni cha kweli kwake. Dada, ipindue soksi, mshono ukae nje. Jaribu kesho.

#25 Kimya_Kingi
Nimekuwa msomaji tu hapa miaka mingi, leo nimeingia kuandika.

Mimi nilikuwa kama yule mtoto wa Mwalimu, aliyekaa kimya. Nikiwa na miaka kumi na moja tumbo liliniuma kila asubuhi ya shule. Nilipimwa kila kitu. Siku za likizo haliumi. Nyumbani wakahitimisha kwamba naigiza. Sikuwa naigiza, liliuma kweli, lakini chanzo hakikuwa tumboni. Nilikuwa nimeacha kucheza mpira, kila neno linanikera, usiku natazama dari. Watu wazima wenye sonona huwa na huzuni, mimi nilikuwa na hasira, basi nikaitwa mjeuri. Nilipata msaada nikiwa na miaka 24. Kumi na tatu iliyopita hainirudii.

Mara moja tu mtu aliniuliza, jirani yetu, mama mtu mzima: "Wewe mtoto, huwa unafikiria bora usingekuwepo?" Nikasema ndiyo. Ulimwengu haukuanguka. Akakaa nami ukumbini mpaka giza likaingia. Wazazi mnaogopa kuuliza mkidhani mnampa mtoto wazo. Hamumpi. Mnampa mahali pa kuliweka.

#26 NesiWaZamu
Asante kwa kuandika. Nathibitisha: kuuliza hakupandikizi wazo. Na mtoto akijibu ndiyo, haachwi peke yake, dawa na vitu vya kujidhuru vinaondolewa karibu, anapelekwa siku hiyo hiyo.

#27 Mtazamaji_77
Swali la dhati, si ubishi. Mnaharakisha kumpeleka, anapewa jina la ugonjwa, jina linamfuata shule nzima. Mpwa wangu alipewa jina na mwalimu akaacha kumfundisha. "Huyu ana lake." Hamwogopi?

#28 MwalimuWaAwali
Naogopa, na nimeliona kwa wenzangu. Lakini jina analo tayari. Shetani mdogo, kichwa ngumu, mwana wa fulani. Mimi naomba wazazi jambo moja: mkitoka kwa mtaalamu msiniletee jina peke yake, nileteeni la kufanya. Akae mbele. Apewe maelekezo moja moja. Aruhusiwe kutoka nje dakika mbili akihisi inapanda. Hayo nayaweza kesho asubuhi, hata kabla hajapimwa na mtu.

#29 MsomajiWaUsiku
Na jina halitolewi ovyo. Kwa ADHD, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, wa 2013, unataka dalili ziwe zimedumu miezi sita, zionekane sehemu mbili au zaidi, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Kwa mtoto wa miaka 4 na 5, madaktari wa watoto wa huko wanashauri mafunzo ya wazazi kwanza, dawa baadaye kama hayakutosha. Anayeandikiwa dawa dakika kumi baada ya kuingia mlangoni, mzazi wake aombe maelezo.

Lipo pia dodoso la maswali 25 alilotunga Robert Goodman wa London mwaka 1997. Mzazi anajaza, mwalimu anajaza, yanalinganishwa. Halitoi jibu, linaonyesha pa kutazama.

#30 FundiUmeme
Beba daftari, dada. Tarehe, saa, alikuwa anafanya nini kabla, akafanya nini, wewe ukafanya nini, ilidumu dakika ngapi. Na usiku alilalaje. Mimi nilienda mara ya kwanza nikasema "ni msumbufu", daktari akaandika "msumbufu". Mara ya pili nilienda na daftari tukakaa saa nzima. Na rekodi akikoroma.

#31 KitiChaNyuma
Mrejesho: masikio ya wangu mazima. Kwa hiyo sina kisingizio tena, wala yeye hana. Nimeanza dakika tano za kucheza naye kila siku: yeye anaongoza, mimi siulizi maswali, siamrishi, nasema tu ninachokiona. "Unapanga nyekundu juu ya buluu." Siku mbili za kwanza alinitazama kama nimechanganyikiwa. Siku ya sita alinijia mwenyewe: "Muda wetu umefika."

#32 BabaWawili
Nimesoma hadi hapa. Fimbo sijaitupa, nisiwadanganye. Ila binti yangu wa pili hana kelele kabisa, na Mwalimu bandiko la #5 limenikosesha usingizi. Ana miaka tisa, ameacha kwenda kwa rafiki zake. Nianzie wapi, shuleni au hospitali?

#33 MwalimuWaAwali
Anzia kwake, kaka. Mkae mahali msipotazamana, kwenye gari au mkitembea. Mwambie ulichokiona tu: "Nimeona huendi tena kwa wenzio." Kisha nyamaza, hata kama ni kwa muda mrefu. Halafu njoo inbox.

#34 MamaSubira
Wakuu, wiki mbili zimepita. Daktari wa pua kasema nyama zimekua kweli, tunasubiri kipimo cha usingizi. Mwanasaikolojia wa watoto tumemwona mara moja, hajatoa jina lolote. Alichukua daftari akasoma kurasa zote huku mtoto anachora. Akaniuliza baba yake ataweza kuongea naye saa ile ile kila siku, hata dakika tatu. Tumeanza. Jana bado aling'ata mtu shuleni.

Soksi nazipindua, Shangazi. Siku tisa sasa, tatu tu ndizo alizolia. Leo alizivaa mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema, "Twende, hazichomi."

#35 KitiChaNyuma
Dada, zile zisizo na mshono kabisa zipo? Nataka kumjaribishia wangu.